Mambo Niliyotamani Kuambiwa Kabla ya Kuanza Uzamili wa Media Dijitali

Barua ya kukubaliwa kusoma shahada ya uzamili ya media dijitali ilinikuta nikiwa na miaka saba ya kazi mkononi. Nilikuwa nimepiga video, nimehariri, nimeendesha kurasa za mitandao ya kijamii za watu na taasisi, na kila asubuhi nilisoma takwimu za watazamaji kabla hata ya kunawa uso. Nilijua saa gani chapisho hushika kasi na saa gani hufa. Niliamini nakwenda kupewa cheti cha jambo ninalolijua tayari. Wiki ya sita nikajikuta nimeketi mbele ya msimamizi wangu, akaniuliza kwa upole kabisa: "Sasa wewe unataka kujua nini?" Nikaeleza kwa dakika kumi. Alikuwa akiandika kwenye karatasi, na nilipomaliza akanigeuzia niione. Nilikuwa nimetaja mtandao mmoja, programu mbili, na maneno "ushawishi" na "vijana". Swali halikuwemo.

Naandika haya kwa ajili ya yule aliye pale nilipokuwa: mtu wa kazi, mikono yake imeshazoea vifaa, anajaza fomu za chuo akidhani ugumu utakuwa kwenye teknolojia. Programu mpya nilizijifunza kwa wiki chache. Yaliyonila miezi yalikuwa mengine, na mengi kati yake yangeepukika.

Kosa la kwanza nililifanya kabla ya kuomba. Jina "media dijitali" hufunika masomo ya aina tatu yasiyofanana. Kuna ya utengenezaji, ambako unahitimu kwa kazi uliyoibuni, iwe filamu, tovuti, mchezo au onyesho, pamoja na maandishi ya kuieleza. Kuna ya nadharia na uhakiki, yaliyo jirani na sosholojia na taaluma ya mawasiliano. Huko unahitimu kwa tasnifu, na kamera yako hakuna atakayeiulizia. Halafu kuna ya data, yanayokutaka uandike msimbo kwa lugha ya kompyuta ya Python, ukusanye machapisho kwa maelfu na uchore ramani za nani anaunganishwa na nani kwa programu kama Gephi. Vyuo vingine huchanganya mawili, lakini daima kuna moja linalotawala. Mimi nilisoma jina, nikaona picha za studio nzuri kwenye tovuti, nikaomba. Kumbe studio ilikuwa ya wanafunzi wa shahada ya kwanza, na kozi yangu ilikuwa ya aina ya pili.

Ningekuwa naanza leo, kijitabu cha matangazo ningekiweka kando. Ningefungua orodha ya kozi, nitazame ni zipi za lazima na zipi za hiari, maana kozi za lazima ndizo zinazosema ukweli kuhusu programu. Kisha ningeingia kwenye hazina ya tasnifu ya maktaba, ambayo vyuo vingi huiacha wazi kwa umma, nisome vichwa vya tasnifu za miaka mitatu iliyopita. Ukisoma vichwa ishirini usione hata kimoja ambacho ungependa kingekuwa chako, hapo si mahali pako, hata jina la chuo likiwa kubwa vipi. Na ningemtafuta mwanafunzi mmoja anayesoma wakati huo nimuulize jambo moja tu: ukimpa msimamizi sura ya tasnifu, inarudi baada ya wiki ngapi? Jibu hilo lina thamani kuliko ukurasa mzima wa sifa za idara.

Barua yangu ya maombi niliiandika mara mbili. Ya kwanza ilianza na mapenzi yangu ya kamera tangu utotoni. Rafiki aliyekuwa amepitia njia hiyo akaisoma, akaniambia kwamba kila mwombaji anapenda media, kwa hiyo nieleze kitu kinachonikosesha usingizi. Nikakaa. Nikaandika kuhusu video moja niliyoihariri kazini. Mteja alikuwa akiuza kinywaji, na ndani ya video alisema kwamba anayekitumia hahitaji tena dawa za shinikizo la damu. Nilikata, nikapanga, nikaweka muziki, nikaipakia. Siku chache baadaye nikasoma maoni chini yake. Watu wawili watatu walikuwa wakijaribu kuwazuia wengine wasiamini. Hawakuwa madaktari, na hakuna aliyewalipa. Barua hiyo ndiyo iliyokubaliwa. La kusikitisha ni kwamba nilipofika chuoni niliisahau.

Kuhusu gharama, nitasema wazi kwamba ada ndiyo niliyoipangia na ndiyo iliyonishangaza kidogo kuliko zote. Sikupangia usajili wa programu za kunakili mahojiano, diski mbili za kuhifadhia data, wala kompyuta ambayo haikufika mwaka wa pili. Zaidi ya yote sikupangia muda. Nilidhani nitaendelea na kazi za wateja usiku. Katika muhula wa kwanza nilikuwa na wateja wanne, muhula wa pili nikabaki na mmoja, na akiba niliyodhani itatosha miaka miwili iliisha kwa miezi kumi na tatu. Ikiwa unategemea kazi za kuokoteza, hesabu kama vile nusu yake itapotea, kisha uone kama bado unamudu. Na uliza mapema kuhusu kazi za usaidizi wa ufundishaji au utafiti ndani ya idara, kwa sababu nafasi hizo hugawiwa kabla wanafunzi wapya hawajajua kuwa zipo. Mimi nilizisikia zikiwa zimeshachukuliwa.

Muhula wa kwanza ulikuwa wa kusoma, na kusoma kuliniumiza. Sentensi moja ya nadharia niliirudia mara nne na bado haikuingia. Nilikuwa nikisoma kama mtu anayetafuta maelekezo ya kutumia kifaa, na makala za kitaaluma hazitoi maelekezo, zinabishana. Siku nilipoanza kuuliza "mwandishi huyu anabishana na nani?" ukurasa ulifunguka. Stuart Hall, aliyeandika mwaka 1973 kuhusu jinsi ujumbe wa televisheni unavyofumbwa na kufumbuliwa, alikuwa akiwapinga waliodhani ujumbe huingia kwa mtazamaji kama maji kwenye chupa. Yeye alisema mtazamaji anaweza kuupokea kama alivyokusudia mtoaji, anaweza kuukubali nusu na kuupinda nusu, au anaweza kuupinga kabisa. Mimi niliyekuwa nikiwaita watazamaji "namba" kwa miaka saba nilifunga kitabu nikatembea nje kwa muda. James Gibson naye, mwanasaikolojia wa mtazamo wa macho, alinipa wazo jingine lililonisaidia hadi mwisho: kitu hukuruhusu vitendo fulani kutokana na jinsi kilivyo na jinsi wewe ulivyo. Kitufe cha kujibu kinaalika mabishano kwa namna ambayo kitufe cha dole hakiwezi. Hilo nilikuwa nikilitumia kila siku kazini bila kujua kuwa ni jambo la kufikiriwa.

Kisha nikafanya kosa kubwa.

Wenzangu wawili walikuwa wakifanya utafiti wa data nyingi, michoro yao ilikuwa na rangi na mistari maelfu, na mimi nikaona haya ya udogo wa wazo langu. Nikachagua zana kabla ya swali. Mtandao mmoja mkubwa wa kijamii ulikuwa ukiwapa watafiti data bure kupitia API, yaani mlango ambao programu yako hubisha hodi na kupewa machapisho kwa mpangilio. Nikaandika pendekezo la utafiti lililosimama juu ya mlango huo: machapisho laki mbili, miezi sita, ramani kubwa. Kamati ikalipitisha. Nilikaa miezi mitatu nikijifunza Python, nikavuta sampuli ndogo ya majaribio, nikafurahi, nikaenda likizo fupi. Niliporudi, masharti yalikuwa yamebadilika. Mlango wa bure ulifungwa, na ule wa kulipia ulikuwa mbali sana na uwezo wa mwanafunzi.

Nilipaswa kulijua hilo, kwa kuwa historia ilikuwa imeshaandikwa. Mwaka 2018, baada ya sakata la Cambridge Analytica, kampuni iliyotumia data za mamilioni ya watumiaji wa Facebook bila ridhaa yao, Facebook ilibana njia nyingi ambazo programu za nje, zikiwemo za watafiti, zilitumia kupata data. CrowdTangle, zana ya kufuatilia machapisho ya mitandao iliyokuwa tegemeo la wanahabari na watafiti wengi, ilifungwa na Meta, kampuni mama ya Facebook, Agosti 2024. Umoja wa Ulaya umejaribu kulirekebisha hilo kisheria. Kifungu cha 40 cha Sheria yake ya Huduma za Kidijitali kinaweka njia ya watafiti waliohakikiwa kuomba data za majukwaa makubwa sana, yale yenye watumiaji kuanzia milioni 45 ndani ya Umoja huo. Ni hatua ninayoiunga mkono kwa moyo wote. Lakini ombi hupita kwa wahakiki, na tasnifu ya uzamili ina miezi inayohesabika. Kwa mwanafunzi, data ambayo bado haijafika kwenye diski yake aihesabu kuwa haipo.

Wiki mbili sikumwandikia msimamizi. Nilikuwa nikifungua kompyuta, natazama msimbo ambao haukuwa na kazi tena, naifunga. Niliona aibu kama vile mimi ndiye niliyeufunga mlango ule. Ukimya huo ulikuwa kosa juu ya kosa, kwa sababu nilipoenda hatimaye, alikuwa tayari amesikia habari ya mtandao ule na alikuwa akinisubiri. Hakunilaumu. Alivuta faili langu, akatoa barua yangu ya maombi, ile ya pili, akanisomea aya ya kinywaji na shinikizo la damu. "Swali lako ni hili," akasema. "Uliliacha mlangoni ulipoingia."

Kwa hiyo tulianza upya na kidogo. Video 38 za afya kwenye YouTube, zote zenye dai ambalo miongozo ya kitabibu inalikataa, pamoja na maoni yote yaliyo chini yake, na mahojiano 14 na watu waliozoea kuandika maoni ya kusahihisha. Swali: watu wasio wataalamu wanasahihishanaje? Video niliyoihariri mwenyewe ilikuwa miongoni mwa zile 38. Nilitaka kuificha. Msimamizi alinitaka niiseme, na sura ya mbinu ikawa na kurasa mbili zinazoeleza mkono wangu katika jambo ninalolichunguza. Zilikuwa kurasa ngumu kuziandika kuliko zote.

Katika ukusanyaji kuna mambo madogo yanayokula siku, na hayaandikwi kwenye vitabu vya mbinu. Nilipokuwa nakusanya, mradi wa kawaida kwenye API ya YouTube ulipewa vipimo 10,000 vya matumizi kwa siku. Kutafuta video kwa neno mara moja kulikula vipimo 100, ilhali kuvuta ukurasa mmoja wa maoni yasiyozidi 100 kulikula kipimo kimoja tu. Siku ya kwanza nilitumia vipimo vyote kutafuta, nikabaki bila cha kuvutia maoni. Tafuta video kwa mkono, andika vitambulisho vyake kwenye lahajedwali, kisha API uitumie kwa maoni pekee. Pia usichanganye mpangilio. Ukifungua video, maoni huja kwanza yale ambayo mfumo umeyaona bora, na mpangilio huo unaweza kubadilika. Ukichukua "maoni 50 ya juu" umechukua uamuzi wa algoriti ukauita sampuli. Nilichukua yote, kwa tarehe.

Jambo jingine nililigundua kwa bahati. Diski yangu ilileta hitilafu, nikalazimika kuvuta upya maoni ya video sita wiki kadhaa baada ya mara ya kwanza. Hesabu hazikulingana. Maoni mengi yalikuwa yametoweka, na nilipolinganisha mafaili mawili, sehemu kubwa ya yaliyotoweka ilikuwa ya watu waliokuwa wakipinga dai la video. Sikuweza kujua nani aliyafuta, kama ni mwenye chaneli, jukwaa, au waandishi wenyewe. Lakini tangu siku hiyo nilivuta kila video mara mbili kwa kupishanisha wiki sita, na faili la kwanza sikuligusa tena. Ukisoma mitandao kwa kupita mara moja, unasoma kilichosalia tu. Weka tarehe na saa ya kila uvutaji kwenye jina la faili lenyewe. Utaishukuru tabia hiyo.

Maadili ya utafiti niliyachukulia kama fomu. Maoni yako wazi kwa yeyote, nilisema, kwa hiyo ridhaa ya nini? Katibu wa kamati ya maadili alinipa zoezi: chukua sentensi moja unayotaka kuinukuu, ibandike kwenye kisanduku cha kutafutia cha intaneti. Nilifanya hivyo. Tokeo la kwanza lilikuwa jina la mtu, picha yake, na chini yake maelezo ya ugonjwa wake. Nukuu yangu "isiyo na jina" ingempeleka msomaji yeyote hadi nyumbani kwake kidijitali kwa kubofya mara moja. Chama cha watafiti wa intaneti, AoIR, kimetoa miongozo ya maadili mwaka 2002, ikapanuliwa 2012 na tena 2019, na jambo linalorudi humo ni kwamba kuwa wazi kwa umma hakumaanishi kwamba mtu alitarajia kuchunguzwa. Nikabadili utaratibu. Maoni yote niliyoyatumia niliyaandika upya kwa maneno mengine, nikiyajaribu kwenye kisanduku kila mara hadi yasimfichue mtu. Ilichukua wiki tatu. Zipangie wiki hizo tangu mwanzo, na peleka maombi kwa kamati mapema kuliko unavyodhani inafaa, kwa sababu ya kwangu yalirudishwa mara mbili na kila kurudi kuligharimu mwezi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo bado linanigusa. Mwezi wa nne wa kusoma maoni, chini ya ile video yangu, nilikuta mwanamke aliyeandika kwamba ameacha dawa zake za shinikizo wiki mbili zilizopita na anasikia kichwa kizito, na akauliza kama ni kawaida mwili ukisafishwa. Tarehe ilikuwa ya miezi minane nyuma. Hapakuwa na jibu hata moja. Niliinuka kwenye kiti. Nilikuwa mtafiti, na mtafiti hatakiwi kuvuruga anachokichunguza. Nilikuwa pia mtu aliyeweka muziki kwenye video ile. Nilimpigia msimamizi simu usiku, akapokea. Aliniambia nisimsome kama data usiku ule. Asubuhi tuliandikia kamati, wakajibu siku hiyohiyo kwamba inaruhusiwa kumjibu kwa akaunti yangu halisi, kumhimiza amwone daktari wake. Nikamjibu. Nikamwandikia pia yule mteja wa zamani, nikamwomba aiondoe video. Hakuna aliyejibu.

Baada ya hapo nilikuwa naota maoni. Mitandao inapokuwa kazi yako ya kitaaluma, hakuna saa unayotoka ofisini, kwa kuwa simu iliyo mfukoni ni eneo la utafiti. Niliacha kusoma maoni baada ya saa kumi na mbili jioni, na sikuzidi mia tatu kwa siku. Chuo kilikuwa na mshauri wa wanafunzi, na nilimwendea mara tano. Ninakusihi uende mapema, kabla hujaona unahitaji, hasa ikiwa mada yako inagusa magonjwa, chuki au vurugu.

Kusimba maoni, yaani kuyapa kila moja alama ya kundi lake, nilidhani ni kazi ya mikono. Nilitengeneza makundi kutoka kwa Hall: anayekubali, anayekubali nusu, anayepinga. Mwenzangu wa darasani akasimba maoni mia mbili yaleyale bila kuona yangu. Tulikubaliana kwenye asilimia 71, nikashangilia. Msimamizi akanituma nikahesabu alfa ya Krippendorff, kipimo kinachoondoa makubaliano yanayoweza kutokea kwa bahati tu. Ikatoka 0.46, ambapo 1 ni makubaliano kamili. Krippendorff mwenyewe anapendekeza 0.80, na chini ya 0.667 hashauri hata hitimisho la tahadhari. Nilitaka kulia.

Tuliketi na mwenzangu tukapitia kila oni tulilotofautiana. Karibu yote yalikuwa maswali. "Una uhakika?" "Na mwenye kisukari je?" "Daktari wako anasemaje?" Mimi niliyaita kupinga, yeye aliyaita kuomba msaada. Tulibishana mchana kutwa, na katikati ya ubishi huo nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimeliona jibu la tasnifu yangu. Makundi ya Hall yalifikiria mtazamaji aliye mbele ya televisheni, asiye na pa kujibia. Hapa watu wana kisanduku cha kujibu, na katika kisanduku hicho wengi wao hawapingi kwa kukanusha. Wanauliza. Swali humlinda anayeuliza asionekane mjuaji, na humwachia anayeulizwa nafasi ya kurudi nyuma bila aibu. Niliporudi kwenye mahojiano, watu tisa kati ya 14 walikuwa wamenieleza hivyohivyo kwa maneno yao na mimi nilikuwa nimepita bila kusikia. Tuliongeza kundi la maswali, tukaandika maelezo ya kila kundi kwa mifano, tukasimba sampuli mpya. Alfa ikafika 0.82.

Kwa hiyo tafuta msimbaji wa pili mapema sana, usingoje mwisho kwa ajili ya kupata namba ya kuweka kwenye jedwali. Kutofautiana kwenu kutakufundisha unachokisoma. Na umlipe au umrudishie kwa kazi ya kiasi kilekile. Mimi nilisimba data za mwenzangu kwa wiki mbili, nayo ilikuwa haki yake.

Uandishi sitauongelea sana. Niliandika asubuhi, maneno mia tano, nikahifadhi rejea kwenye Zotero, programu ya kutunzia marejeo, tangu siku ya kwanza (hili nilipatia), na kila mkutano na msimamizi niliufuata kwa barua pepe fupi yenye yale tuliyokubaliana. Barua hizo ziliniokoa mara moja, pale mjumbe wa kamati alipobadilika na mpya akataka nirudi kwenye mpango wa data nyingi.

Siku ya kutetea tasnifu, mtahini wa nje hakuuliza lolote kuhusu nadharia niliyoikariri usiku kucha. Aliuliza: "Waliofutwa wako wapi katika hesabu yako?" Mikono ilikuwa ikitetemeka, lakini jibu nilikuwa nalo. Nilifungua jedwali la mivuto miwili, nikamwonyesha maoni yaliyokuwepo mara ya kwanza na kukosekana mara ya pili, na nikamwambia wazi kwamba yaliyofutwa kabla ya mvuto wa kwanza siwezi kuyaona na kwa hiyo sikudai chochote juu yake. Aliandika kitu, akaendelea. Nilipita kwa masahihisho madogo, yakachukua wiki nne.

Mteja wa zamani nilimwandikia mara tatu kwa jumla. Asubuhi moja, karibu miezi miwili baada ya kutetea, nilibofya kiungo cha ile video nikakuta haipo. Nilifurahi sana, kisha nikakumbuka kwamba maoni nayo yameondoka: yale ya kudanganyika, yale ya waliokuwa wakizuia wenzao, lile la mwanamke mwenye kichwa kizito na jibu langu chini yake, ambalo sijui kama aliwahi kulisoma. Yamebaki kwenye jedwali langu, ndani ya diski iliyofungwa kwa nywila. Niliiahidi kamati ya maadili kwamba nitalifuta miaka mitano baada ya kuhitimu, na tarehe hiyo nimeshaiandika kwenye kalenda.